Kwa nini huwezi kujilazimisha kulala

Ukiuamuru mkono uinuke, unainuka. Pumzi nayo unaweza kuizuia kwa muda. Usingizi hausikii amri ya namna hiyo, na wengi wanaokuja kwangu kwa sababu hawapati lepe la usingizi wanaamini kwamba wenzao wana uwezo wa kujilaza ambao wao wameupoteza. Hakuna mwenye uwezo huo. Anayepitiwa na usingizi mara tu anapojilaza hajafanya lolote la ziada: mwili wake ulikuwa umekwisha kuwa tayari kabla hajafika kitandani.

Tumejua sehemu kubwa ya jambo hili kutokana na msiba. Mwaka 1917 Constantin von Economo, daktari wa Vienna, alieleza ugonjwa wa kuvimba ubongo uliowafanya wagonjwa wengi walale usiku na mchana. Wachache waliugua kinyume chake: walikesha, wakakosa kabisa usingizi. Alipochunguza ubongo wa waliofariki, aliona kwamba waliolala mno walikuwa wameharibika sehemu ya nyuma ya haipothalamasi, eneo dogo lililo chini ya ubongo, na waliokesha walikuwa wameharibika sehemu ya mbele. Mwaka 1996 Clifford Saper na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wakaonyesha, kwa kuchunguza panya, kundi la seli huko mbele linalofanya kazi wakati wa usingizi. Seli hizo huzinyamazisha zile zinazotuweka macho, na zile zinazotuweka macho nazo huzinyamazisha hizi. Ni swichi ambayo upande mmoja ukishinda, mwingine unazimika. Ndiyo maana kuvuka kutoka macho hadi usingizini huwa kwa ghafla, na asubuhi hakuna anayeweza kukutajia dakika aliyolala.

Swichi hiyo husukumwa na mambo matatu, na nia yako haimo.

La kwanza ni deni la usingizi. Kadiri unavyokaa macho, adenosini, kemikali inayoleta usingizi, hujikusanya kwenye ubongo na kope huwa nzito. Ukilala mchana kutwa, au ukisinzia mbele ya televisheni jioni, umelipa sehemu ya deni mapema na usiku hubaki na kitu kidogo cha kukusukuma. Kafeini hailipi deni hilo. Huziba tu mahali ambapo adenosini ingeshika, na nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kahawa chungu inayonyweka barazani saa moja usiku bado inafanya kazi saa sita. Chai ya rangi nayo ina kafeini, ingawa wengi hawaihesabu.

La pili ni saa ya ndani ya mwili, kundi la seli kama 20,000 juu ya mahali ambapo mishipa ya macho hupishana. Hapa kuna jambo ambalo natamani kila msafiri alijue. Mwaka 1986 Peretz Lavie, mtafiti wa Haifa, Israeli, aliwaweka watu kwenye ratiba ya dakika 7 kitandani na 13 nje ya kitanda, mzunguko baada ya mzunguko. Wakati mwingine waliambiwa wajaribu kulala, wakati mwingine wajizuie. Saa chache kabla ya muda wao wa kawaida wa kulala, usingizi uligoma hata kwa waliokuwa na deni kubwa. Wakati huo saa ya mwili husukuma kwa nguvu tubaki macho. Sasa mfikirie mtu ambaye kila siku hulala saa tano usiku, na kesho ana basi la alfajiri. Anajilaza saa mbili "ili apumzike vya kutosha". Amejipeleka kitandani katika muda mgumu kuliko yote ya jioni, na ifikapo saa nne amekwisha kuwa na wasiwasi kwamba leo hatalala. Angebaki sebuleni, taa zimefifishwa, hadi karibu na saa yake ya kawaida, angelala zaidi.

La tatu ni tahadhari, na hapa ndipo kujilazimisha kunapoharibu mambo. Ubongo haukubali kuzima mlinzi ukiona kuna hatari. Watafiti waliowavisha Wahadza 33, wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20 hivi walichapisha matokeo yao mwaka 2017: muda ambao watu wazima wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu kwa siku zote hizo. Karibu kila wakati palikuwa na aliye macho, kama mlinzi. Kuna sababu ya sisi kuumbwa hivyo.

Tatizo ni kwamba ubongo huo huo huihesabu hofu ya kutolala kuwa hatari kama nyingine. Mtu anaangalia simu: saa saba na dakika ishirini. Anapiga hesabu, zimebaki saa tatu na nusu. Moyo unaongeza mapigo, na anaanza kujikagua, "Je, umeanza kuja?" Kujikagua huko ni kazi ya mtu aliye macho. Mwaka 1996 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu walale haraka iwezekanavyo huku wakisikiliza muziki wa gwaride, na hao walichelewa kuliko walioambiwa walale wakati wowote watakapo.

Kwa hiyo nikiwa na mgonjwa simfundishi kulala. Namwomba aondoe saa na simu karibu na kitanda, na asipopata usingizi ainuke, akae mahali pengine penye mwanga hafifu, arudi kope zikiwa nzito. Mwanasaikolojia Richard Bootzin alilieleza hilo mwaka 1972, na bado linasaidia, kwa kuwa kitanda kilichozoeleka kwa kugaagaa hugeuka kuwa mahali pa kukesha. Wengine nawaambia walale chali gizani, macho wazi, wajaribu kwa upole kubaki macho. Juhudi ikiondoka, swichi hupata nafasi.

Kinachobadilisha zaidi ni kupunguza muda wa kitandani, njia ya mwanasaikolojia Arthur Spielman ya mwaka 1987. Anayelala saa sita ndani ya saa tisa za kujilaza hupewa saa sita hizo tu, tuseme kuanzia saa sita usiku hadi kumi na mbili asubuhi, kila siku, Jumapili ikiwemo. Deni linakua hadi linamshinda mlinzi. Saa hizo sita zikijaa usingizi, tunaongeza dakika 15, kisha nyingine. Wiki ya kwanza ni ngumu na mchana mtu husinzia, kwa hiyo dereva wa lori au bodaboda, mwenye kifafa na mwenye ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka (bipolar) wasiianze peke yao nyumbani bila daktari wao kujua. Na anayekoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika usiku asiianze kabisa kabla ya kupimwa, maana tatizo lake linaweza kuwa jingine.