Makali ya Mencken yalitoka mtaani

Vijana wanaojifunza kuandika safu za kejeli huniuliza waanze kumsoma nani kati ya Wamarekani. Huwatajia H. L. Mencken wa Baltimore, kisha nawapa habari yake ya kwanza gazetini, ya Februari 1899. Ni mistari michache tu: farasi, gari la kukokotwa na hatamu zake, vyote vya thamani ya dola 250 hivi, vimeibwa usiku kwenye banda moja nje ya mji. Basi. Hamna kichekesho wala maoni.

Mencken alikuwa na miaka 18. Baba yake alikuwa na kiwanda cha tumbaku na alitaka mwanawe aje kukirithi, lakini alifariki Januari mwaka huohuo. Maziko yalipokwisha tu, kijana akaenda kubisha hodi gazeti la Morning Herald. Akaambiwa kazi hakuna. Akarudi kesho yake, akarudi tena, jioni baada ya jioni, mpaka mhariri akampa la kwenda kutafuta. Miaka iliyofuata ikawa ya vituo vya polisi, mahakama na vikao vya wanasiasa wa jiji. Moto wa Februari 1904 ulipoteketeza majengo zaidi ya 1,500 ya Baltimore, ofisi za Herald zikiwemo, yeye ndiye aliyekuwa mhariri wa habari za jiji, na alikuwa na miaka 23 tu. Alifanya kazi siku kadhaa karibu bila kulala, gazeti likachapishwa Washington, kisha Philadelphia.

Nayakazania haya kwa sababu wengi wanamjua Mencken kwa ukali wake peke yake. Wanamwiga ukali, na kinachotoka ni matusi. Tashtiti yake ilikuwa na nguvu kwa kuwa alishakaa miaka akitazama hakimu anavyohukumu na mwanasiasa anavyonunua kura. Alipohamia magazeti ya Sun mwaka 1906, na baadaye alipokuwa mhakiki wa vitabu na mhariri wa jarida la The Smart Set, aliendelea kuwa ripota moyoni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa hodhi la kuogea. Desemba 1917 Marekani imo vitani dhidi ya Ujerumani, na Mencken, mjukuu wa wahamiaji wa Kijerumani aliyeipendelea Ujerumani waziwazi, hana nafasi ya kuandika siasa. Katika gazeti moja la New York akaandika historia ya hodhi la kuogea Marekani: kwamba la kwanza liliwekwa Cincinnati mwaka 1842, kwamba madaktari walilipinga wakisema ni hatari kwa afya, na kwamba Rais Fillmore ndiye aliyeliingiza Ikulu. Yote aliyabuni. Watu wakayaamini yote. Yakaingia kwenye makala za wasomi, madaktari wakayanukuu, vitabu vya marejeo vikayabeba. Mei 1926 akatangaza magazetini kwamba ilikuwa hadithi ya kutunga. Gazeti la Boston Herald lilichapisha ungamo hilo, na wiki tatu baadaye likaichapisha hadithi yenyewe kama habari ya kweli.

Tazama alivyoijenga. Kuna tarehe kamili, kuna jina la mfanyabiashara, kuna upinzani wa wakubwa ambao msomaji anafurahi kuona umeshindwa. Uzushi unaosambazwa leo kwenye simu zetu umejengwa hivihivi, na sijaona somo bora la jinsi habari ya uongo inavyovaa nguo za habari ya kweli. Ila mimi sipendi kuisifu bila kusema hili: aliyeitunga alikuwa na wasomaji waliomwamini, na miaka minane na ushei aliwaacha gizani.

Mwaka 1924 alianzisha jarida la The American Mercury pamoja na George Jean Nathan. Mwaka uliofuata ikaja kesi ya Dayton, Tennessee. Jimbo hilo lilikuwa limepiga marufuku kufundisha shuleni kwamba binadamu alitokana na wanyama, na mwalimu John Scopes akashtakiwa. Mencken alifika Julai 1925 akitarajia kijiji kichafu, akaandika kwa uaminifu kwamba amekuta mji mdogo mzuri. Usiku mmoja alipanda vilimani kutazama mkutano wa sala wa watu wa huko, akaueleza kwa undani ambao mtu wa kukaa hotelini hawezi kuupata. Lakini aliondoka kabla ya siku kubwa kuliko zote, pale wakili wa utetezi, Clarence Darrow, alipomsimamisha kizimbani William Jennings Bryan, mwanasiasa aliyekuwa upande wa mashtaka, na kumhoji juu ya Biblia. Bryan akafa siku chache baadaye, na Mencken akamwandikia taazia isiyo na chembe ya huruma. Kwa ufundi wa sentensi, ni kazi ya bingwa. Kwangu mimi, hapo ndipo dharau ilipoanza kumla. Aliwacheka wakulima wa Tennessee kwa pumzi ileile aliyomchekea mwanasiasa aliyegombea urais mara tatu, na hao wawili hawakuwa na nguvu sawa.

Kule Boston alionyesha kilicho bora zaidi. Chama cha walinzi wa maadili kilipozuia toleo moja la jarida lake Aprili 1926, alisafiri mwenyewe, akasimama uwanjani mbele ya umati, akamuuzia katibu wa chama hicho nakala moja kwa senti 50, akaing'ata sarafu kuhakikisha si bandia, akakamatwa. Kesho yake hakimu akamwachia huru.

Shajara yake ilipochapishwa mwaka 1989, miaka 33 baada ya kifo chake, yalikutwa ndani yake maneno mabaya juu ya Wayahudi na watu weusi. Hayana utetezi, na sitafuti. Lakini mtu huyohuyo aliwapa kurasa za jarida lake waandishi weusi W. E. B. Du Bois, Langston Hughes na George Schuyler. Umati ulipomuua mtu mweusi, Matthew Williams, huko Salisbury, Maryland, Desemba 1931, aliwashambulia wauaji na viongozi wa eneo hilo kwa ukali kiasi kwamba wafanyabiashara wa huko waliisusia Baltimore. Mwaka 1935 alikwenda Bunge la Marekani kuunga mkono sheria dhidi ya mauaji ya aina hiyo.

Na yuko Richard Wright, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri. Memphis, jiji la Kusini mwa Marekani, ya mwaka 1927 haikumruhusu kijana mweusi kuazima vitabu maktaba. Aliona gazeti la huko likimlaani Mencken, akajiuliza ni mzungu gani huyo anayechukiwa na wazungu wa Kusini. Akaazima kadi ya mzungu aliyefanya naye kazi, akaghushi barua ya kuomba vitabu, akavipata. Wright ameeleza alivyoshangaa kuona mtu anapigana kwa maneno. Hakukubaliana na kila alichosoma. Alichukua silaha na kwenda nayo kwenye vita vyake mwenyewe.

Anayetaka kumsoma aanze na Newspaper Days ya mwaka 1941, kumbukumbu zake za miaka ya uripota, ndipo aende kwenye Prejudices, mfululizo wa vitabu vyake vya insha. Na asiiruke shajara.