Kukamatwa si kuhukumiwa

Vijana wengi Nairobi huamini kwamba aliyewahi kulala seli hawezi kuajiriwa tena. Imani hiyo inawaumiza, maana wengine huacha hata kutuma maombi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo aliyeachiliwa na polisi, au aliyeshinda kesi, si mhalifu. Kama kesi ilifika mahakamani, nenda masjala ukaombe nakala ya uamuzi yenye muhuri, uitunze pamoja na vyeti vya shule. Mwajiri akiuliza, una la kumwonyesha.

Na aliyefungwa kweli? Njia yake ni nyembamba zaidi, hilo sifichi. Cheti cha maadili mema, kinachoonyesha kama mtu ana rekodi ya uhalifu, hutolewa na DCI (idara ya upelelezi wa jinai) na kuombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na hudaiwa na waajiri wengi, hasa kampuni za ulinzi. Lakini hakuna sheria inayomfungia kila kazi. Fundi wa soko la Gikomba au msimamizi wa mjengo hutazama mikono yako kwanza, na magereza kama Kamiti hufundisha useremala na ushonaji. Ukiulizwa kuhusu kifungo, usidanganye: uongo ukigunduliwa, unaweza kufutwa kazi kwa sababu ya uongo wenyewe.