Je, wajua satelaiti iliyokufa 1981 iliamkaje 2002?

Kwa muda mrefu nilikuwa nikisimulia kwamba satelaiti ya AMSAT-OSCAR 7 ilifufuka kwa sababu betri yake ilipona: imepigwa jua miaka na miaka, mwisho ikashika chaji. Nilikosea, tena kinyumenyume. Iliamka kwa sababu betri yake ilizidi kuharibika.

Historia yenyewe ni fupi. Ni satelaiti ya majaribio ya mawasiliano, ya kilo 29 hivi, iliyoundwa na waendesha redio wa ridhaa na kurushwa kutoka California tarehe 15 Novemba 1974. Hupokea sauti kwa masafa fulani na kuzirudisha duniani kwa masafa mengine. Katikati ya 1981 betri ikapiga shoti, satelaiti ikanyamaza. Tarehe 21 Juni 2002, mwanaredio mmoja huko Uingereza akaisikia ikigonga alama zake za Morse, yaani herufi za milio mifupi na mirefu.

Kilichonipoteza ni kudhani kwamba betri mbovu ni kama kibuyu kikavu: haifai kitu, ila haimdhuru mtu. Kumbe hudhuru. Chukua nyumba yenye pampu ya maji. Bomba linakwenda jikoni, na tawi lake linapanda kwenye tangi la akiba. Tangi likipasuka kitako, pampu itasukuma kutwa nzima na jikoni halitafika tone. Maji yote yanafuata njia rahisi. Pampu hiyo ndiyo paneli za sola. Kwa miaka ziliendelea kufua umeme, na umeme wote ukaishia kwenye betri yenye shoti.

Kisha kutu ikaziba lile tawi. Tangi bado bovu, lakini maji sasa hayana pa kwenda ila jikoni. Kwenye satelaiti, seli za betri zimeungwa mfululizo, kwa hiyo ilitosha moja tu kukatika ndani ili umeme usipite tena kwenye betri.

Hakuna aliyepanda huko juu, kilomita 1,450 hivi, kuifungua betri. Maelezo haya yanatokana na tabia ya satelaiti yenyewe. Lakini tabia hiyo inasema mengi. Ikiingia kwenye kivuli cha Dunia, inazimika papo hapo. Ikitoka, inaanza upya kama iliyowashwa leo, na kati ya jozi zake mbili za masafa, huwezi kutabiri itaamkia ipi.

Ndiyo sababu watumiaji huombwa watume kwa nguvu ndogo. Akiba ya kufidia haipo: mmoja akizidisha, umeme unashuka na sauti za wote zinayumba, kama taa za nyumba ya sola mtu anapochomeka pasi.