Je, wajua kwa nini msikiti ulio ndani ya hekalu la Luxor una mlango unaoning'inia hewani?

Ukifika Luxor, kusini mwa Misri, ukapita katikati ya kuta mbili pana za lango la Firauni Ramesses II, simama kwanza uani, geukia kushoto na utazame juu. Utaona ukuta wa msikiti umekaa juu ya nguzo za hekalu, na kwenye ukuta huo kuna mlango. Ni mlango kamili, ila mbele yake hakuna ngazi wala baraza, ni hewa tupu. Atakayetoka kwa mlango huo ataangukia sakafu ya mawe iliyo chini kwa zaidi ya kimo cha watu watatu waliopandiana mabegani.

Watalii wanaokuja kwa makundi huupita bila kuuona, maana kiongozi wao ana dakika chache na anataka wapige picha na masanamu makubwa ya mlangoni. Anayesafiri peke yake ana nafasi ya kujiuliza: ni fundi gani alijenga mlango wa namna hii?

Fundi hakukosea. Mlango ule ulipowekwa, ardhi ilikuwa sawa na kizingiti chake. Waumini walitoka majumbani mwao, wakapita uchochoroni, wakavua viatu na kuingia. Hekalu lote, ua ule unaosimama leo pamoja na sehemu kubwa ya nguzo zake, lilikuwa chini ya miguu yao.

Mambo mawili ndiyo yaliyolifukia, na la kwanza ni mto. Hekalu lilianza kujengwa na Firauni Amenhotep III katika karne ya 14 KK, hatua chache tu kutoka ukingo wa Nile. Kila mwaka, kabla ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, mto ulifurika na kuacha tope. Makadirio yanayotumika sana ni kama sentimita 10 za tope kwa karne. Kwa mtu mmoja ni kitu kidogo asichokiona maisha yake yote, lakini kutoka enzi za Amenhotep hadi kujengwa kwa msikiti ni miaka zaidi ya 2,600, na hapo tayari unazungumzia mita mbili na nusu. Sehemu kubwa ya tope hilo ni udongo wa milima ya Ethiopia, unaosombwa na Nile ya Bluu na mto Atbara wakati wa mvua za huko. Maji ya Ziwa Victoria, haya yanayotoka Jinja, nayo hufika Luxor, ila hufika yakiwa yamechujika. Ziwa lenyewe na vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini hulizuia tope njiani.

Mita mbili na nusu hazitoshi kuufikia mlango wetu. Zilizobaki ni kazi ya binadamu, na kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wa habari yote.

Ibada za zamani zilipofifia, watu hawakuliacha hekalu liwe pori. Warumi waliligeuza kuwa kambi ya jeshi karibu mwaka 300 BK, na chumba kimoja cha ndani wakakipaka lipu na kuchora picha za watawala wao juu ya michoro ya mafirauni. Mabaki ya rangi hizo bado yapo, na yanafaa kutafutwa. Wakristo wakajenga makanisa ndani na kuzunguka hekalu. Kisha ukaja mji wa Kiislamu. Muda wote huo nyumba za kawaida zilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Aliyekulia kijijini penye nyumba za udongo anajua mwisho wake: paa likichoka, kuta hulainika na kuporomoka, na mwenye nyumba habebi kifusi kwenda kukitupa mbali. Anakisawazisha, anajenga juu yake. Ongeza majivu ya jikoni, vigae vya mitungi, samadi ya mbuzi na takataka za vizazi kadhaa, na mtaa mzima unapanda pole pole bila mtu kuamua kuupandisha.

Sheikh Yusuf Abu Haggag, walii aliyezaliwa Baghdad na kufariki Luxor karibu mwaka 1243, aliukuta mji uliokwisha kupanda hivyo. Msikiti wenye jina na kaburi lake ulijengwa juu ya kilima hicho, mahali palipokuwa na kanisa, na kanisa nalo lilikuwa juu ya ua wa Ramesses. Vichwa vya nguzo vilivyochomoza ardhini havikung'olewa. Viliingizwa kwenye kuta kama mawe mengine yoyote ya ujenzi.

Hali hiyo iliendelea hadi karne ya 19. Wafaransa walipokuja kuchukua mnara wa jiwe uliosimama upande wa kulia wa lango, ule uliosimikwa Place de la Concorde, Paris, mwaka 1836, walikuta nyumba zimebanana hadi mlangoni, na baadhi ikabidi zinunuliwe na kubomolewa ili jiwe lipate njia ya kufika mtoni. Mwingereza Lucie Duff Gordon, aliyekwenda Misri kutafuta nafuu ya kifua kikuu, aliishi miaka ya 1860 katika nyumba iliyojengwa juu kabisa ya hekalu. Aliandika barua nyingi nyumbani akieleza maisha yake na majirani wa kijiji hicho.

Kazi ya kufukua ilianza miaka ya 1880 chini ya Gaston Maspero, Mfaransa aliyekuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale ya Misri. Wenye nyumba walitaka fidia, mabishano yakachukua muda, lakini mwisho nyumba zikaondoka na kifusi kikatolewa. Msikiti haukuguswa. Wakazi wasingekubali kaburi la walii wao livunjwe, na ingekuwa ajabu kudai kwamba sehemu ya ibada iliyokuwa hai kwa zaidi ya miaka 600 haina haki mbele ya ile iliyokufa. Kwa hiyo ardhi ilishushwa pande zote, msikiti ukabaki juu na mlango wake wa zamani ukakosa pa kukanyaga. Siku hizi waumini huingilia upande wa nje, kwenye barabara ya mjini, ambayo mpaka leo iko juu kuliko sakafu ya hekalu.

Wapo wanaosikitika kwamba msikiti umeharibu mandhari ya ua wa Ramesses. Sikubaliani nao. Bila msikiti ule mgeni angeona nguzo safi na kuamini kwamba zimesimama hivyo tangu zamani, wazi na tupu. Tena kifusi chenyewe ndicho kilichozikinga nguzo nyingi. Jiwe lililozikwa halipigwi na upepo wa jangwani, wala si rahisi kulichimba ukajengee nyumba yako.

Kila mwaka mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, hufanyika maulidi ya Abu Haggag, na katika maandamano yake mashua huzungushwa mitaani. Sasa nenda kwenye safu ya nguzo kubwa 14, nyuma ya ua wa kwanza, utazame ukuta uliochongwa enzi za Firauni Tutankhamun. Pale pamechongwa sikukuu ya Opet: makuhani wamebeba mabegani mashua za miungu Amun, Mut na Khonsu kutoka hekalu la Karnak, ng'ombe wanene wamepambwa, wapiga ngoma wako njiani na wachezaji wamepinda migongo. Wengi husema maulidi yale ni Opet iliyobadili dini. Mimi naona ni kuruka haraka, maana kati ya sikukuu hizo mbili kuna zaidi ya miaka elfu isiyo na ushahidi wa kuziunganisha, na watu wa mtoni kubeba mashua si jambo la ajabu. Lakini ukisimama pale, hutaacha kulifikiria.

Ukishaujua mlango huu, utaanza kusoma mahekalu mengine kwa jicho hilohilo. Esna, kusini mwa Luxor, hekalu limo shimoni kabisa katikati ya mji. Unashuka ngazi kama mita 9 kutoka mtaani ndipo uikanyage sakafu. Kilichofukuliwa ni ukumbi wa mbele tu, wenye nguzo 24, na kuta nyingine ziko chini ya nyumba za watu. Dari yake ilikuwa nyeusi kwa masizi, na mafundi walipoanza kuisafisha miaka ya karibuni rangi za asili zilijitokeza, za buluu na nyekundu, kana kwamba zimepakwa juzi. Edfu nako watu walijenga hadi juu ya paa, wakahamishwa Mfaransa Auguste Mariette alipolifukua hekalu miaka ya 1860. Abu Simbel ni habari nyingine, kule ni mchanga wa jangwa uliomiminika wenyewe: Mwitalia Giovanni Belzoni ilibidi achimbue mwaka 1817 ndipo apate upenyo wa kuingia. Na popote utakapoona majina ya wasafiri wa zamani yamechongwa juu asikofika mtu, usidhani walibeba ngazi. Walisimama tu juu ya kifusi.

Kwa anayekwenda mwenyewe, Luxor ni rahisi. Treni kutoka Cairo hulala njiani usiku na kukufikisha asubuhi, na hekalu liko katikati ya mji, unafika kwa miguu. Beba kadi ya benki, maana sehemu nyingi za tiketi sasa hazipokei fedha taslimu. Mlinzi akikuita kwa ishara akuonyeshe kona fulani, anataka bakshishi. Si dhambi kumfuata, ila kubalianeni kwanza. Nenda alasiri ubaki hadi taa ziwashwe, kwani michongo ya ukutani huonekana vizuri zaidi mwanga ukitokea pembeni. Chunguza pia miguu ya nguzo: ule ukoko mweupe ni chumvi inayopandishwa na maji ya ardhini, adui wa mawe haya tangu mafuriko yakome.

Halafu toka nje ya hekalu, zunguka hadi upande wa barabara, na kama si wakati wa sala, vua viatu uingie msikitini. Haihitaji tiketi. Matengenezo ya miaka ya 2000 yaliondoa lipu iliyofunika nguzo za Ramesses, na sasa michongo ya kifirauni inaonekana wazi ndani ya msikiti, kwa kimo ambacho ukiwa chini uani ungelazimika kuinua shingo.