Jina la Chini Kabisa

Kila wiki ya tatu ya muhula huwapitia wahadhiri wa mwaka wa kwanza nikiomba orodha za makundi ya asaimenti. Wengine hunishangaa. Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam, na kazi za darasani si mambo ya ofisi yangu. Lakini ninayemtafuta yumo humo: yule ambaye jina lake limeongezwa chini kabisa, kwa kalamu nyingine.

Makundi hayo huundwa siku mbili tatu za mwanzo. Waliotoka sekondari ya Ilboru wanajuana, waliotoka Kibaha wanajuana, wa Msalato wamelala bweni moja miaka miwili. Aliyekuja peke yake kutoka shule yake, au aliyepitia diploma akaingia na umri mkubwa kuliko wenzake, hafukuzwi na mtu, ila hakuna anayemwita. Mwalimu akiuliza nani hana kundi, ananyoosha mkono, anachomekwa mahali. Tangu hapo yeye ni jina kwenye jalada.

Wengi wanadhani chuo humshinda mtu kwenye chumba cha mtihani. Mimi naona humshinda mapema zaidi, kwenye kimbweta. Kama hujasoma huku, kimbweta ni meza ya zege yenye viti vya zege, chini ya mti au pembeni ya jengo. Mhadhara umetolewa kwa Kiingereza saa nne asubuhi. Jioni unarudiwa pale kwa Kiswahili, kwa utani na ubishi, mpaka aliyeachwa aelewe. Asiye na kimbweta anarudi chumbani na notisi asizokuwa na wa kumfafanulia. Alama 40 za ndani ya muhula zinaanza kuvuja, na mtihani wa mwisho, wenye alama 60, unamkuta ameshazama. Baada ya hapo ni sapu, yaani mtihani wa marudio, na wengine hudisko kabisa, wakaondolewa chuoni. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa nalo ni hivyo hivyo: mwenye watu atakula kwa watu.

Nilipoanza kazi hii nilidhani dawa ni sherehe. Nikaandaa spika, soda na keki. Wenye watu wao walicheza mpaka usiku. Nyuma ya ukumbi nikamkuta kijana ameshika chupa tupu ya Fanta.

“Shikamoo, madam.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona huku?”

“Nasubiri kurudisha chupa, niondoke.”

Sijaandaa sherehe nyingine.

Kuna utafiti ninaoupenda. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen, wa Marekani, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya zoezi la takriban saa moja walilolifanya na wanafunzi 92. Wa mwaka wa kwanza walisoma maelezo ya waliowatangulia: kwamba nao mwanzoni walijiona wageni, na hali ile ikapita. Kwa miaka mitatu iliyofuata alama za wanafunzi weusi zilipanda, na pengo kati yao na wazungu likapungua kwa nusu. Zoezi hilo liliporudiwa katika vyuo 22, matokeo yake yakatolewa mwaka 2023: lilisaidia pale tu ambapo chuo chenyewe kilikuwa na nafasi ya kweli ya mtu kujiona wa pale. Kwa lugha yangu, maneno matamu bila kimbweta ni kazi bure.

Kwa hiyo nafanya yote mawili. Nawaita wa mwaka wa tatu wazungumze na wageni, na siwaiti vinara. Kinara anatisha. Namtaka aliyepata sapu mbili, akalia chooni, akarudi. Dada mmoja aliwaambia kwamba muhula mzima wa kwanza alikuwa anakariri swali moja kwa Kiingereza usiku ili aliulize semina ya kesho yake, na kila mara alifika akanyamaza. Ukumbi ulicheka kile kicheko cha mtu aliyefumaniwa.

La pili ni kumpa mtu kazi, na hapa huwa nabishana na wenzangu wanaotaka kila mpweke aletwe ofisini kwa ushauri. Ushauri una mahali pake. Ila kumwambia mtu ‘jichanganye’ hakumsaidii, maana hajui aanzie wapi. Mwaka jana nilinunua ekstensheni tatu za umeme za kuchajia kompyuta vimbwetani, nikazikabidhi kwa watu watatu kutoka kwenye orodha zangu. Sharti lilikuwa moja: saa kumi na mbili jioni uwe umeshafika, kwa sababu ekstensheni unayo wewe.

Mmoja wao hakuwa amezungumza na mtu yeyote wa darasa lake kwa wiki tano. Mwezi uliofuata akaja ofisini anahema, hata shikamoo kaisahau.

“Madam, nina haraka. Nimechelewa kidogo tu, watu watatu wameshanipigia simu.”

Alikuwa amekuja kuniomba ekstensheni ndefu zaidi.