Kura 16 za Mundingburra na askari 22 waliokuwa Rwanda

Tukisikia mahakama imefuta matokeo ya ubunge, wengi wetu tunawaza wizi: masanduku yaliyojazwa usiku, fomu zilizochezewa. Basi kesi ya Mundingburra, jimbo la uchaguzi lililo mjini Townsville, Queensland, Australia, inawapotosha wengi. Julai 1995 Ken Davies wa chama cha Labor alimbwaga Frank Tanti wa chama cha Liberal kwa kura 16 tu, katika kugombea kiti cha bunge la Queensland (si lile la taifa zima, na hapa pia watu huchanganya). Mahakama ikafuta, na hakuna aliyeiba chochote.

Kilichotokea ni kwamba askari 22 wapigakura wa hapo walikuwa Rwanda, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari. Karatasi zao zikachelewa, wakakosa haki yao. Usidhani ni uzembe wao; Australia kupiga kura ni lazima kisheria.

Wapo wanaodhani mahakama iliuliza askari wale wangemchagua nani. Haikuwa na haja. Waliokosa kura ni 22, tofauti ni 16: wangeweza kuyageuza matokeo, na hilo lilitosha. Wala Tanti hakukabidhiwa kiti mezani. Iliamriwa wananchi wapige kura upya.

Ungetegemea Labor wamrudishe Davies, aliyekwishashinda mara moja. Wakamweka kando, wakamsimamisha Tony Mooney, meya wa Townsville. Davies akagombea kama mgombea binafsi. Kwa maoni yangu walijikata mguu wenyewe. Tarehe 3 Februari 1996 Tanti akashinda.

Kusema Tanti ndiye aliyeiangusha serikali ya Labor ya Wayne Goss, waziri mkuu wa Queensland, ni nusu ya habari. Bunge lilikuwa na viti 89. Labor ilishuka kutoka 45 hadi 44, muungano wa vyama vya National na Liberal nao ukafika 44. Ngoma droo. Kiti kilichobaki kilikuwa cha Liz Cunningham wa Gladstone, asiye na chama, naye akauunga mkono muungano. Goss akajiuzulu, Rob Borbidge akashika uwaziri mkuu wa Queensland mwezi huohuo.

Tanti mwenyewe hakudumu: 1998 Labor walikichukua tena kiti chao.