Matokeo ya muda mrefu ya upasuaji wa mgongo uliopinda tangu kuzaliwa: maana yake nini?

Mama anamwogesha mtoto wa miaka 2 kwenye beseni, anaona bega moja limekaa juu kuliko jingine. Hospitalini anaambiwa uti wa mgongo umepinda kwenda kando, na mtoto kazaliwa hivyo. Kitaalamu ni skoliosisi ya kuzaliwa nayo. Haisababishwi na mtoto kubebwa vibaya mgongoni. Pingili za mgongo hujiunda kati ya wiki ya 4 na ya 6 ya mimba, pengine mama mwenyewe hajajua kama ni mjamzito. Pingili moja ikiumbika nusu, inakaa kama kabari: upande mmoja unakua, wa pili unabaki nyuma. Au pingili kadhaa zinashikana upande mmoja tu, na upande huo haurefuki.

Siku mtoto anatoka wodini baada ya upasuaji, picha ya eksirei inaonyesha mgongo umenyooka na ndugu wanashangilia. Hayo ni matokeo ya leo. Matokeo ya muda mrefu yanaulizwa akiwa na miaka 15 au 25: kifua chake kina urefu gani, anapumuaje akipanda ngazi, mgongo umepinda tena au la, amerudishwa chumba cha upasuaji mara ngapi?

Kwa miaka mingi madaktari waliamini heri mgongo mfupi ulionyooka kuliko mrefu uliopinda, wakaunganisha pingili nyingi mapema ziwe mfupa mmoja. Tatizo ni kwamba mfupa uliounganishwa haukui tena. Sehemu ya mgongo inayobeba mbavu ina kama sentimeta 11 mtoto anapozaliwa, hufika kama 18 akiwa na miaka 5, na mapafu nayo yanaendelea kujijenga humo humo. Ukiufunga mgongo wa kifuani kwa mtoto wa miaka 3, umefunga na nyumba ya mapafu. Mwaka 2008 madaktari wa Dallas, Marekani, walichapisha habari za watoto waliofanyiwa hivyo kabla ya miaka 9. Wengi ambao kifua chao hakikufika sentimeta 18 walikuwa na pumzi chini ya nusu ya inayotarajiwa. Eksirei zao, nadhani, zilipendeza siku ya kwanza.

Tena kuna kisa kingine: daktari akiunganisha nyuma tu, pingili kwa mbele zinaendelea kukua na kuuzungusha mgongo kama mpini wa kuwashia injini za zamani.

Si kila upasuaji wa mapema una hasara hiyo. Kabari ikiwa moja, hasa kiunoni, daktari huitoa na kufunga pingili mbili zilizopakana nayo kwa skrubu na vyuma vifupi. Kinachopotea katika ukuaji ni kidogo, na mara nyingi mgongo hubaki vizuri kwa miaka mingi. Mpindo ukiwa mrefu, huwekwa vyuma vinavyorefushwa. Vya kawaida vinahitaji kisu kidogo takriban kila miezi 6. Vya sumaku vinarefushwa kliniki: mtoto analala kifudifudi, mashine inapitishwa juu ya ngozi, dakika chache anavaa shati. Ila vyuma hivi vina gharama yake mwilini. Skrubu hulegea, chuma huvunjika, kidonda huingia wadudu, na kadiri mtoto anavyoanza mapema ndivyo anavyorudi mezani mara nyingi.

Kabla ya yote, figo na moyo hupimwa, na MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, huangalia neva kuu inayopita ndani ya mgongo, kwa sababu viungo hivi huumbika wakati mmoja na pingili na kasoro zake hufuatana.

Baada ya hapo ni kliniki mpaka ukuaji ukome. Miaka ya balehe ndiyo ya kuangaliwa zaidi: mtoto aliyekaa salama tangu akiwa na miaka 4 anaweza kurefuka ghafla akiwa na 12, na mpindo mpya ukatokea juu au chini ya palipofungwa.